Plagi Mbili Nyeusi

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu ya mwaka nilikuwa nachunga. Naliweka wazi mapema ili anayesoma ajue anasoma maandishi ya nani. Karakana yangu ya Katesh niliianza na spana tatu na gunia la kukalia. Leo ina ukuta, ina bati, ina shimo la saruji la kuingia chini ya gari, na lori likilala njiani kati ya Babati na Singida, dereva anaulizia mimi kabla hajaulizia chakula. Hakuna aliyenipa. Nimejitengeneza mwenyewe kama mtu anavyotengeneza kiti, mguu kwa mguu.

Lakini ipo kazi moja ambayo watu hunisifia nayo na mimi nimechoka kuisikia. Niko harusini nakula, mtu ananishika bega mbele ya wageni: "Huyu mnayemwona, ndiye aliyekata nyasi za uwanja wa ndege kwa siku moja, daktari wa macho akatua." Nacheka, nashukuru, narudi kwenye sahani. Haikuwa siku moja. Ilikuwa wiki nzima, na sehemu kubwa ya wiki hiyo nilikuwa napigana na kosa la mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa kipindi kile tulipoambiwa sisi si watu wa Arusha tena, tumepata mkoa wetu, Manyara. Wakubwa walikuwa wanahamisha makabati na kuchonga mihuri mipya. Mama yangu, kule juu Masieda, alikuwa haoni.

Jicho la kushoto lilianza, ukungu mweupe kama maji ya mchele. La kulia likafuata taratibu. Alikuwa anapepeta mahindi kwa kusikiliza. Chai alimimina huku kidole kimeingia ndani ya kikombe, kikiungua ndipo anajua kimejaa. Mimi alinitambua kwa mguu, kwamba nakanyaga kama mtu mwenye haraka ya kwenda kugombana. Daktari wa macho alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka kwa ndege ndogo, anafikia hospitali ya misheni huko huko juu, anapasua watu siku mbili, anaondoka. Mwaka uliotangulia alikuja vilevile. Mimi nilikuwa na injini ya lori mezani, imefunguliwa, mwenye lori amenisimamia kichwani. Nikasema, mwakani. Mama akasema, "Sawa baba, mwakani."

Mwakani ikafika. Nikampakia kwenye pikapu yangu, nikamfikisha hospitali siku ya Jumamosi, wiki moja kabla, ili safari hii pasiwe na kisingizio. Sista aliyekuwa mkuu wa pale, mwanamke wa maneno machache, akammulika macho kwa tochi.

"La kushoto sisemi kitu," akaniambia pembeni. "La kulia bado linapokea mwanga. Lipasuliwe sasa. Ukiniletea mwakani usinilaumu."

"Ndiyo maana tumekuja, Sista."

"Mmekuja. Sijui kama ndege itakuja."

Akanitoa nje, akanionyesha. Mvua za mwaka ule zilipitiliza. Uwanja wa ndege, ambao ni kipande kirefu cha ardhi kilichosawazishwa nyuma ya hospitali, ulikuwa umefunikwa na nyasi za kufika pajani. Rubani alikuwa ameongea kwenye radio koli akasema neno moja tu: nyasi zikizidi kifundo cha mguu hatui. Atazunguka juu mara moja, akiona hapafai anageuza. Alishawahi kuingiza gurudumu kwenye shimo lililofichwa na nyasi mahali pengine, hakutaka kurudia.

Sista alikuwa na mpango wake. Jumapili kanisani atatangaza kila nyumba itoe mtu mmoja na fyekeo, Jumatatu na Jumanne, kama walivyofanya siku zote. Mpango mzuri, wa watu wenye akili. Mimi ndiye niliyeuharibu.

Kulikuwa na banda pembeni ya uwanja, na ndani ya banda kulikuwa na mashine ya kukatia nyasi. Siyo ile ya kusukuma. Hii unapanda, unakaa kwenye kiti, unashika usukani kama trekta, visu viko chini ya tumbo. Wafadhili waliituma kutoka kwao, na Mzungu mmoja fundi ndiye aliyekuwa anaiendesha. Alipomaliza muda wake akarudi kwao, mashine ikafunikwa turubai, kuku wakaanza kutagia kwenye kiti. Nikainua turubai. Injini ya silinda mbili, imekaa vizuri, haina ufa.

"Sista," nikasema, "usisumbue watu. Maharage yako shambani yanasubiri kung'olewa, na wiki hii kuna mnada wa siku tatu Katesh. Niachie hii mashine. Siku mbili tu."

"Una uhakika, fundi? Ndege ni Ijumaa asubuhi."

"Sista, mimi nimefungua kombaini za ngano sijaota hata ndevu."

Na hilo lilikuwa kweli. Nilianza kwenye yale mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, nikiwa mfagiaji wa karakana. Nilifagia huku naangalia. Fundi akifungua kitu nasogeza ufagio hapo hapo. Baadaye mambo yakageuka, biashara ikawa huria, kila mtu na lwake, mashine zikasimama zikaota majani kwenye matairi. Wenzangu walirudi kwao mikono mitupu wanalia. Mimi nilirudi na spana tatu. Zilivyopita getini sielezi. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu mashine ya kukata majani?

Sista akanitazama, akamtazama Mama aliyekuwa amekaa kwenye ngazi anasikiliza. Jumapili hakutangaza kitu.

Jumatatu nikaanza. Petroli ya zamani ndani ya tangi ilikuwa inanuka kama rangi ya kabati, nikaimwaga. Kabureta nikaifungua, nikaiosha, nikapuliza kila tundu kwa mdomo mpaka kichwa kikauma. Betri nikatoa ya pikapu yangu. Plagi mbili nilizozikuta zilikuwa na kutu, nikaweka mpya nilizokuja nazo kutoka Katesh. Oili niliyokuwa nayo, kopo moja, yote ikaingia kwenye injini.

Ikabaki sponji ya kuchujia hewa. Inakaa ndani ya kikasha juu ya injini, hewa inapita hapo kwanza, vumbi linabaki. Nikaifua kwa sabuni, ikatoka safi lakini kavu, inakwaruza. Nikakumbuka yale matrekta ya zamani ya shamba: hewa yake ilikuwa inapita kwenye bakuli la oili, vumbi linanasa. Kwa hiyo sponji nayo inataka mafuta kidogo. Oili imeisha.

Pale bandani kulikuwa na mlinzi, mzee mfugaji kutoka uwanda wa Balangdalalu, shuka lake na fimbo yake. Kazi yake ilikuwa kuzuia ng'ombe wasiingie uwanjani, na nafikiri Sista alimwajiri kwa sababu ng'ombe walimheshimu.

"Kijana, unatafuta nini?" akaniuliza.

"Mafuta, mzee. Ya kupaka hii, isikauke."

"Na mafuta yanakusumbua?" Akaingia kibandani kwake, akatoka na kibuyu. Samli. "Sisi kitu kikikauka tunakipaka hii. Ngozi, ala ya sime, mtoto mchanga, bibi harusi. Sijaona kilichoikataa."

Nilicheka, lakini mkono ulikuwa umeshapokea. Wewe uliyezaliwa kwetu utanielewa. Mimi visigino vyangu vikipasuka Mama alivipaka samli. Sikio likiuma, samli. Mlango ukilia, samli. Ilikuwa alasiri, jua limechoma, samli inatiririka kama maji. Nikaiminya sponji ikanywa, nikaongeza ikanywa. Sikuwa mchoyo. Nikaifunga kwenye kikasha chake, nikawasha. Mara ya tatu ikashika. Nikazunguka banda mzunguko mmoja nimesimama juu ya kiti kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Sista akatoka, akapiga makofi mawili. Hata Mama alicheka, akageuzia uso upande ambao mlio ulikuwa umeshatoka.

"Kesho jioni mtacheza mpira hapa," nikawaambia.

Jumanne tuliamka na ukungu. Huko juu asubuhi za msimu ule zinauma vidole, na siku ile jua halikufunguka kabisa. Nikawasha. Ikakohoa, ikashika, ikatoa moshi mweusi kama wa tanuri la matofali, ikaenda hatua thelathini ndani ya nyasi, ikafa. Nikawasha tena, ikazunguka tu bila kushika. Nikafungua plagi. Zote mbili nyeusi, masizi makavu, ukigusa yanabaki kidoleni.

Nikazisugua kwa brashi ya waya, nikaziosha kwa petroli, nikazikausha juu ya jiko la mkaa la mpishi wa hospitali, nikapima mwanya wake kwa wembe. Nikarudisha. Ikawaka, moshi, hatua thelathini, ikafa. Nikafungua. Nyeusi. Nikasugua. Nikarudisha. Sitaki kuhesabu ilikuwa mara ngapi. Ngozi ya vidole ilitoka. Nilipasha plagi mpaka mpishi akanifukuza, akasema anataka kuinjika ugali wa wagonjwa na mimi namjazia jiko vyuma.

Mlinzi alikuwa amekaa juu ya jiwe, fimbo magotini.

"Fundi wa Katesh," akasema, "mashine yako ina kifua."

"Haina kifua, mzee. Plagi inashika masizi."

"Ndiyo kifua hicho. Mnyweshe chai ya tangawizi."

Sasa hapa nieleze kitu, na hiki ndicho kinachonichosha zaidi kuliko yote. Plagi ni ulimi wa injini. Ukienda hospitali wanakuambia toa ulimi. Fundi naye anaitoa plagi anaiangalia. Ikiwa rangi ya kahawia, kama udongo wa kichuguu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi inayong'aa na imelowa, oili inapanda kutoka chini. Ikiwa nyeusi kavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Na ukiwa na silinda mbili, plagi moja ikiwa nyeusi tafuta ugonjwa upande huo. Zikiwa nyeusi zote mbili, usihangaike na plagi. Nenda pale ambapo zote mbili zinapatia chakula. Hayo nilikuwa nayajua. Nimewaambia watu hayo maneno, nimewacheka ambao hawakuyajua. Na siku ile nilizishika plagi mbili nyeusi mkononi, zinaniambia kila kitu, nikasema: feki.

Ndiyo ilivyokuwa miaka ile. Biashara huria ilijaza maduka. Zamani plagi ilikuwa unaiomba kwa barua. Sasa zipo tele, kijikasha kinang'aa, ndani takataka. Kila fundi alikuwa na kisa chake cha spea feki, na ukishakuwa na neno kama hilo mdomoni linakujia kabla hujafikiri. Nikaangalia choki, kile kilango cha hewa cha kabureta, inafunga na kufungua. Nikaangalia moto wa plagi kwenye bodi, upo, wa bluu. Nikainua kikasha cha hewa? Hapana. Kile nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe jana, kwa mikono yangu. Kitu nilichotengeneza mimi nikikague cha nini?

Jioni Sista akaja amejifunika shali.

"Fundi, nimtume mtu kwa mwenyekiti wa kijiji? Wale wenye mafyekeo bado wapo. Kesho wanateremka mnadani."

"Sista, bado. Ni plagi tu. Kesho nafuata nyingine Katesh."

Mama alikuwa nyuma yake, ameshika ukuta. Alikuwa anasikiliza sauti yangu kama alivyozoea kusikiliza mahindi.

Jumatano nikairudisha betri kwenye pikapu, nikateremka Katesh kabla ya jua kutoka. Barabara ilikuwa tope, nilichimba mara mbili kuinasua pikapu. Nikakuta mnada umechangamka, na kila niliyemwona alikuwa ni mtu wa kule juu, mtu wa fyekeo, anachagua mbuzi. Wanaume wananipungia mkono. "Fundi! Tumesikia umetuondolea kazi! Mungu akubariki!" Niliwapungia na mimi. Nikanunua plagi mbili kwenye duka nililoliamini, nikageuza.

Saa saba mchana nilikuwa nimeshaziweka, na betri nimeirudisha kwenye mashine. Jua lilikuwa kali siku ile, bandani bati linalia kwa joto. Ikawaka mara ya kwanza. Moshi kidogo, halafu ikatulia, nikaingia uwanjani nakata. Lo! Nyasi zilikuwa zinalala kama nywele kwa kinyozi. Nilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa muda wa karibu saa mbili. Nikampigia kelele mlinzi: "Si nilikuambia? Feki zile!" Akainua fimbo kunipongeza.

Nilisimama kunywa maji karibu na kigoda cha Mama. Alikuwa amejifunika blanketi juani, pua ameinua.

"Baba," akasema, "hiyo mashine yako mnapikia nini? Inanukia jikoni."

Nilikuwa nimechoka, sijala tangu jana, mgongo umekufa ganzi. Nikamjibu vibaya. "Mama, hebu niache nifanye kazi. Mashine inanukia petroli. Jikoni kumetoka wapi?"

Akashusha pua. "Haya."

Saa kumi upepo wa baridi ukaanza, mawingu yakaziba. Mashine ikaanza kukohoa. Moshi mweusi. Ikafa katikati ya uwanja, na nilikuwa nimekata labda theluthi. Nikafungua plagi mpya za duka la kuaminika. Nyeusi. Zote mbili.

Alhamisi nilianza tena na baridi. Sugua, pasha, rudisha, washa, kohoa, kufa. Mlinzi hakutania tena, na hilo liliniuma kuliko utani. Sista alikuja, akaangalia nyasi, akaangalia njia ya kuteremkia Katesh ambako watu wote walikuwa, akarudi ndani. Nilikaa kwenye kiti cha mashine nikaweka paji la uso juu ya usukani. Sikuwa nawaza. Mtu akichoka kiasi kile hawazi, anasikia tu damu masikioni.

Nikasikia fimbo ya Mama inapapasa majani, inakuja.

"Wameahirisha?" akauliza.

"Nani?"

"Wenye ndege."

"Bado, Mama."

Akasimama kidogo, mkono wake umepata bodi ya mashine, anaishika kama anavyoshika mgongo wa ng'ombe. "Nilikuwa nafikiri. Kama imekataa, nirudishe leo kukiwa na mwanga wako, nikaangalie kuku. Usijiumize. Mimi nimeshazoea hivi hivi. Hata mwakani ni sawa."

Hakulisema kwa kunisuta. Ningependa angenisuta. Alilisema kama mtu anayekuondolea mzigo kichwani, neno lilelile nililomwambia mimi mwaka uliotangulia nikiwa na injini ya watu mezani. Nilishuka kwenye kiti.

"Mama. Jana ulisema mashine inanukia nini?"

"Ulisema ni petroli."

"Niache mimi. Wewe ulisikia harufu gani?"

"Samli," akasema. "Iliyoungua. Kama ya mwanamke aliyesahau chungu."

Nikafungua kikasha. Ile sponji ilikuwa imekuwa kipande cha sabuni. Baridi ilikuwa imeigandisha samli yote niliyoimwagia, nyeupe imeelekea njano, nikabonyeza na alama ya kidole ikabaki. Hewa ingepita wapi? Injini ilikuwa inavuta, inavuta, inapata petroli tupu, inameza masizi. Juani inayeyuka, mashine inapumua. Baridi ikija inaganda, inakabwa. Siku tatu nimesugua ulimi wa mtu ambaye mimi mwenyewe nimemziba pua.

Nikakaa chini. Nilicheka, au nililia, sikumbuki vizuri, nafikiri vyote.

Mlinzi alisogea akachungulia. "Samli yangu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, mzee. Ila mashine siyo bibi harusi."

Alifikiri. "Uliipaka nyingi," akasema. "Bibi harusi mwenyewe hatumpaki hivyo."

Nikaifua sponji kwa maji ya moto ya wale wanaofua mashuka ya wagonjwa, mara tatu, mpaka ikaacha utelezi. Nikaikamua ndani ya kitambaa, nikaianika kwenye bati. Nikachovya kijiti cha kupimia oili kwenye injini, nikadondosha matone machache tu, nikaminya. Plagi nikazisugua kwa mara ya mwisho. Ilikuwa saa tano kasoro. Nikawasha, na sauti iliyotoka ilikuwa nyingine kabisa, kavu, safi, sauti ya kitu kinachopumua. Mama alikuwa ameshageuka anarudi kwenye kigoda chake. Alisimama. Akatikisa kichwa kwa juu na chini.

Nilikata kuanzia saa hiyo. Nilikata bila kula. Vichuguu vilinirusha, visu viligonga mizizi nikashuka kuvikunjua, nikapanda. Mlinzi aliweka fimbo chini akachukua fyekeo, kitu ambacho sijawahi kumwona mzee mfugaji akikifanya, akaanza na kona ambazo mashine haifiki. Mpishi akaja na la kwake. Sista mwenyewe alikunja mikono ya gauni. Jua lilipozama tulibakiza kipande cha mwisho, upande ule ndege inakoanzia kugusa.

Ijumaa nilipanda juu ya mashine kabla hakujapambazuka vizuri. Umande ulikuwa kama maji. Niliogopa kugeuza ufunguo, sikatai. Iliwaka mara moja, kwenye baridi ile, bila moshi. Nikamaliza kile kipande macho yanafumba yenyewe. Nilikuwa bado juu ya kiti, nakata kipande ambacho hata hakikuwa na haja, niliposikia watu wanapiga kelele na kumwona Sista anapunga shali: "Toka! Toka uwanjani!" Ndege ilikuwa juu ya kichwa changu, inazunguka. Nikaipeleka mashine pembeni nikaizima. Ndege ikamaliza mzunguko wake. Nilihesabu pumzi. Ikageuza pua, ikashuka, ikagusa, ikapita mbele yangu inarusha majani mabichi.

Hapo ndipo hadithi ya watu inapoishia. Watu walitoka mnadani wakakuta uwanja mweupe na ndege imesimama, wakasema fundi ameukata kwa siku moja. Sista aliamini ni plagi za duka lingine, na mimi sikumsahihisha. Leo ndiyo namsahihisha.

Daktari alimwangalia Mama mchana ule ule. Alikuwa kijana, mpole, ana haraka. La kushoto, akasema, limekufa, hakuna cha kupasua. Nikamuuliza ingekuwaje kama lingeletwa mwaka jana. Akasema, "Labda. Sijui. Labda." Akaandika kitu, akaita mwingine. Hilo ndilo ninalolisikia watu wanaponishika bega harusini. La kulia alilipasua jioni, wakalifunga bandeji, wakasema litafunguliwa kesho asubuhi.

Nilitaka niwepo. Nilikuwa nimejiapiza kwamba likifunguliwa uso wa kwanza uwe wangu. Jumamosi alfajiri nilikaa kwenye benchi la veranda, nje ya wodi, nikaegemeza kichwa ukutani ili nipumzishe shingo dakika moja.

Kitu kilinigusa bega. Jua lilikuwa limeshapanda, linanichoma magotini. Mama alikuwa amesimama mbele yangu peke yake, bila fimbo, bila mtu wa kumshika mkono. Jicho la kulia lilikuwa jekundu na linatoa machozi, na lilikuwa linaniangalia mimi, siyo pembeni yangu.

"Umelala mdomo wazi," akasema. "Nzi wanaingia."

"Wamekufungua saa ngapi? Mbona hawakuniamsha?"

"Niliwaambia nitakutafuta mwenyewe." Akapitisha kidole kwenye shavu langu, akakiangalia, masizi. "Nilikupita mara moja. Nilidhani ni mzee wa watu amekuja kuuguza."

Nilitaka kuinuka nimwachie nafasi, mgongo ukakataa. Akanisukuma mguu kwa goti lake, akakaa palipobaki, akaweka mikono mapajani na kutazama ua: wanawake wanaoanika mashuka, mlinzi anayemfukuza ndama mmoja mbali na mabawa ya ndege.

"Lala tu baba," akasema. "Mimi naangalia watu."

Nikalala.